Mafuta Nayo Huoza: Somo kwa Walimu wa Tana

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Lau wangaliishi katika zama hizi za injini, pengine wangaliongeza kwamba mafuta yakimwagika ni balaa zaidi, kwani maji hukauka ilhali mafuta hubaki. Hata hivyo, sayansi inatufunza kwamba mafuta nayo huoza, ila hayaozi ovyo. Yapo masharti yake. Kusudi la makala haya ni kuyaeleza masharti hayo kwa lugha tunayoielewa sote, na kuonyesha kwamba lugha yenyewe ni sehemu ya dawa.

Hebu tuutazame mji wa Garsen. Huu ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Malindi hupitia hapo kuelekea Witu na Lamu, na nyingine hupanda kaskazini kwenda Hola na Garissa. Chini ya Garsen, Mto Tana hutawanyika ukawa delta hadi Kipini unakoingia katika Bahari Hindi. Mwaka 2012 delta hiyo, yenye eneo la hekta 163,600, iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Humo Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe. Waorma na Wardei hunywesha ng'ombe wao. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu mia moja waliuawa katika mapigano ambayo chanzo chake kimoja kilikuwa maji na malisho. Mahali kama hapo, kuyachafua maji si jambo la kupuuzwa.

Mtu akisikia habari za uchafu wa mafuta, aghalabu huwaza meli kubwa iliyopasuka baharini. Lakini upo uchafu wa kila siku ambao haumo katika magazeti: oili chafu inayomwagwa nyuma ya gereji, dizeli inayodondoka kando ya pampu za kunyunyizia mashamba maji, petroli inayovuja mitungini. Ndivyo ilivyo katika kila mji wa barabarani nchini. Tofauti ni kwamba bonde la Tana hufurika. Mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yaliikata barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu. Kilichomwagwa ardhini wakati wa kiangazi huzolewa na mafuriko kikapelekwa mashambani na mitoni.

Anayedhani ninatia chumvi na akumbuke Thange, katika Kaunti ya Makueni. Mwezi wa Mei 2015 wakazi wa huko waliona mafuta katika kijito chao. Yalikuwa yamevuja kutoka katika bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978. Maji na mashamba yalichafuka, na watu wakaishia mahakamani kudai haki yao.

Sasa, mafuta huozaje? Mafuta ya petroli yametokana na viumbe waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa hivyo si ajabu kwamba wapo bakteria wanaoyala, kama wengine wanavyokula majani yaliyoanguka. Bakteria hao wamo katika udongo wa kawaida na katika maji ya bahari. Huivunja haidrokaboni, wakapata nguvu za kuishi na kuzaana, na mabaki yake huwa gesi ya kaboni dayoksaidi na maji. Lakini mafuta peke yake si mlo kamili. Bakteria wanahitaji pia oksijeni, unyevu, nitrojeni na fosforasi. Wataalamu hukadiria kwamba kwa kila sehemu 100 za kaboni, pahitajika sehemu 10 hivi za nitrojeni na moja ya fosforasi. Pasipo na hivyo, kazi hudorora.

Mfano mashuhuri ni wa Alaska, Marekani. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba ikamwaga zaidi ya lita milioni 40 za mafuta ghafi. Katika fuo kadhaa wanasayansi walinyunyiza mbolea yenye nitrojeni na fosforasi ili kuwalisha bakteria waliokuwamo tayari. Bakteria hao wakaongezeka na uozo ukaharakishwa. Hata hivyo, miaka mingi baadaye mafuta yalikuwa yangali chini ya mawe mahali ambapo hewa haikufika.

Funzo hilo linatuhusu sana. Tope la mikoko halina oksijeni chini ya uso wake. Mafuta yakizama humo, bakteria wala mafuta hawana pumzi ya kufanyia kazi. Mombasa iliyaona mafuta yakitanda kwenye mikoko ya hori la Port Reitz mnamo Aprili 2005. Fauka ya hayo, madini kama risasi hayaliki kamwe, na oili iliyokwisha tumika ina madini ndani yake. Basi asije mtu akatuuzia chupa ya bakteria na kutuambia tumwage mafuta tutakavyo. Kinga ni kukusanya oili chafu katika mapipa. Bakteria ni wa kusafisha kilichotuponyoka.

Hapa ndipo mwanaisimu anapoingia. Neno tulilowafundisha watoto wetu ni "vijidudu", na kila mara tumelifunga na maradhi: vijidudu vya kipindupindu, vijidudu vya kifua kikuu. Mtaalamu akifika kijijini akisema ataleta vijidudu kusafisha udongo karibu na mto wanaokunywa watu, atafukuzwa, na wanaomfukuza hawatakuwa na kosa. Ilhali mama Mworma anayegandisha maziwa katika kibuyu, na mgema anayeacha tembo likachacha usiku kucha, wamefanya kazi na vijidudu tangu jadi. Mkulima naye anaijua mboji. Kwa hivyo badala ya jina refu la kigeni, napendekeza tuseme "kuozesha mafuta". Kitenzi hiki kinaeleza ukweli wote: uozo huchukua muda, huhitaji hewa na unyevu, na hauozeshi chuma.

Jambo hili si la mapambo ya lugha. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za mwaka 2003 zinataka tangazo la mradi litolewe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Lakini ripoti zenyewe aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi hualikwa kutoa maoni juu ya kitabu asichoweza kukisoma. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya mazingira safi; haki asiyoielewa ataidaije?

Walimu wanaweza kuanza bila kungoja wizara. Chukueni ndoo mbili za udongo, kila moja itiwe kikombe kidogo cha dizeli, nje ya darasa, mbali na moto na mto, kwa glavu. Moja iachwe vivyo hivyo. Nyingine ichanganywe na samadi, itiwe maji kidogo na kupinduliwa kila juma. Wanafunzi waandike kwa Kiswahili mabadiliko wanayoyaona kwa muhula mzima, na mwishowe udongo huo usimwagwe mtoni. Samadi ni ya mfugaji, udongo ni wa mkulima. Katika ndoo hiyo wawili hao watakuwa wameshirikiana.

Alhasili, bakteria wa Tana wako tayari kufanya kazi, na hawadai mshahara ila hewa na samadi. Kinachosalia ni sisi kuacha kuwapa kazi wasiyoiweza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kuuzuia Mto Tana hakuna awezaye kuujenga.