Barabara Salama kwa Watoto Waendao Shule

Mtoto wa darasa la kwanza hafichwi na basi pekee; hata gari dogo lililoegeshwa kando ya lango la shule hutosha kumficha. Aidha, bado hajaweza kukadiria kasi ya pikipiki inayomjia. Kumfundisha kutazama kulia, kushoto na tena kulia ni jambo jema, lakini barabara nayo haina budi kujengwa kwa kutambua kwamba mtoto hukosea.

Jambo kuu ni mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 katika sekunde moja, yaani kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 30 kwa saa, umbali huo ni mita 8 tu, na nishati ya gari inayomfikia mtoto likimgonga hupungua hadi karibu theluthi moja. Kibao cha kuonya hakitoshi, kwa kuwa dereva mwenye haraka hukipuuza. Tuta lililojengwa kwa vipimo, likifuatwa na kivuko chenye michirizi ya pundamilia, halipuuziki.

Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend limetumia mbinu hizo katika mpango wa SARSAI, uliotunukiwa tuzo ya WRI Ross kwa Miji mwaka 2019. Kazi zake ni za gharama nafuu: matuta, njia za waenda kwa miguu, nguzo fupi za kuzuia magari, na pengine kuhamisha lango la shule kutoka barabara yenye magari mengi hadi mtaa wa pembeni.

Penye ugumu ni kando ya barabara. Njia ikijaa meza za biashara na bodaboda, watoto hushuka kwenye lami, na wenye baiskeli hubanwa kati ya magari na mtaro. Muuza nyanya naye anatafuta riziki. Apatiwe eneo jingine kabla ya kuondolewa.

Wakazi wanaohitaji tuta au kivuko walete hoja katika mkutano wa mtaa au kijiji, kisha muhtasari upitie kwa Mtendaji wa Kata. Barabara za wilaya husimamiwa na TARURA. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Wasijijengee matuta ya mawe au udongo: usiku hayaonekani, na waendesha bodaboda huanguka pamoja na abiria wao, wakiwemo wanafunzi.