Uhamiaji: Sheria ya Gitega na Meza ya Kobero

Ndugu askari wa jeshi na polisi: tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2007, pametolewa mapendekezo mengi ya kuutengeneza upya mfumo wetu wa uhamiaji, kuanzia sheria yenyewe hadi muhuri wa mpakani. Mapendekezo hayo aghalabu hunenwa kwa lugha ya wanasheria. Lakini atakayeyatekeleza ni askari aliye zamu, usiku wa manane, mbele ya mtu asiyemjua. Hivyo yafaa tuyaeleze kwa upande wake.

Kwa zaidi ya miaka 30 mambo haya yaliongozwa na sheria ya Machi 1989. Jina lake lilitaja kuingia, kukaa na kufanya makazi kwa wageni katika ardhi ya Burundi, pamoja na kuondoshwa kwao. Mwezi Novemba 2021 ilitolewa sheria mpya, nayo yaitwa sheria ya kusimamia uhamaji. Tofauti ya majina hayo si ndogo. Sheria ya zamani ilimtazama mgeni tu, hali Burundi ni nchi ambayo wana wake wametoka kwa wingi kuliko wageni walivyoingia. Wako waliokwenda Uganda na Tanganyika kufanya kazi za mashamba zama za Wabelgiji. Wako waliokimbia umwagaji damu wa 1972 na wa 1993. Na baada ya msukosuko wa 2015 walitoka zaidi ya watu 400,000. Oktoba 2021 serikali ilitia sahihi mapatano na Saudi Arabia juu ya wafanyakazi wa nyumbani. Anayeondoka naye ana haki ya kulindwa, hasa binti aliyeahidiwa kazi ng'ambo na mtu asiyejulikana. Na sheria ya Oktoba 2014 dhidi ya biashara ya binadamu imempa polisi uwezo wa kumkamata mwenye kuahidi huko.

Sasa tuifuate barabara itokayo Gitega, makao makuu ya kisiasa tangu 2019, ipitayo Karuzi na Muyinga hadi Kobero. Ng'ambo ya pili ni Kabanga, wilaya ya Ngara, nchini Tanzania. Hapo pana kituo cha mpaka cha pamoja: maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja badala ya mbili. Ni hatua njema. Lakini nje ya kituo hicho kuna vilima na mashamba, na watu wa pande zote mbili ni ndugu. Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya Wabelgiji na Waingereza kugawana nchi hizi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Kihangaza kinachosemwa huko kinakaribiana mno na Kirundi. Askari anayedhani atamtambua raia kwa lafudhi yake, hapo Kobero atakosea kila siku.

Ndiyo maana pendekezo lililo zito kuliko yote, kwa maoni yetu, ni la kitambulisho. Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana, na tangu 2014 raia wao huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi Julai 2010, inaruhusu jambo hilo kwa nchi zilizokubaliana, mradi kitambulisho kiwe cha kielektroniki, chenye kusomwa na mashine. Karangamuntu ya Mrundi kwa miaka mingi imekuwa karatasi iliyojazwa kwa mkono kwenye komuni. Isitoshe, mwaka 2025 mikoa 18 ilipunguzwa ikawa 5, na Muyinga, iliyokuwa mkoa, ikaingizwa katika mkoa wa Buhumuza. Basi mzee akionyesha kizuizini karatasi iliyoandikwa mkoa wa Muyinga, hiyo si dalili ya kughushi. Aliandikiwa hivyo na serikali yake mwenyewe.

Wapo pia wasemao kwamba uhamiaji uondolewe katika polisi, ukabidhiwe idara ya kiraia kama ilivyo Tanzania na Kenya. Kwetu Kamisheni Kuu ya Uhamiaji ni sehemu ya Polisi ya Taifa. Hoja hiyo ina uzito, ila kubadili sare hakumfundishi mtu kazi.

Lililo gumu zaidi ni la mtu afikaye bila hati yoyote. Mwanzoni mwa 2025, Goma na kisha Bukavu zilipotekwa, makumi ya maelfu ya Wakongo waliingia Burundi upande wa magharibi, wengine kwa kuogelea mto Rusizi. Hakuna aliyewauliza pasipoti, na ilikuwa sawa. Sheria yetu ya 2008 juu ya hifadhi, pamoja na mkataba wa kimataifa wa 1951, inakataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 nao unataka wakimbizi wakae mbali kiasi na mpaka wa nchi waliyoikimbia. Wanaoshangaa kwa nini kambi ya Wakongo iko Gasorwe, huku Muyinga, jirani na Tanzania, wakumbuke Gatumba: usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 zaidi ya wakimbizi 150 waliuawa katika kambi iliyokuwa hatua chache kutoka mpaka wa Kongo.

Kazi ya askari wa doria, basi, ni kuwatenga wenye silaha na raia, kisha kuwapeleka raia kwa ofisi ya taifa ya wakimbizi iitwayo ONPRA. Hiyo ndiyo yenye kupokea maombi yao. Askari hana mamlaka ya kuamua nani ni mkimbizi wa kweli. Tungependa kila lindo la mpakani liwe na daftari moja la kuandika jina la mtu, siku na mahali alipovukia, pamoja na jina la askari aliyempokea, na nakala apewe mwenyewe kabla hajapanda gari.