Filme Félicité na likelemba yetu

Juma hili tuliangalia pamoja filme Félicité ya Alain Gomis, ya mwaka 2017, iliyopata tuzo ya Dubu wa Fedha kule Berlin. Félicité anaimba katika baa moja ya Kinshasa. Siku moja anaambiwa kijana wake Samo amepata ajali ya pikipiki. Hospitali inataka feza kwanza ndipo ipasue mguu. Mama anazunguka mji mzima, akidai madeni na kuomba ndugu. Anaporudi, mguu umekwisha kukatwa.

Véro Tshanda Beya amecheza vizuri sana: hasemi mengi, lakini uso wake unatosha. Muziki wa Kasai Allstars ulitufurahisha. Sehemu ya pili tuliiona ndefu, wengine walisinzia.

Filme ilipoisha tukaulizana: ingekuwa mtoto wetu, usiku ule tungebisha hodi kwa nani? Likelemba yetu inanunua sufuria na vitenge, lakini haina hata kasanduku kadogo ka ugonjwa. Tunaomba jambo hili liwe la kwanza katika mkutano ujao. Kila mama aje na wazo lake.