Chipsi za Futari Zilizolala Barafuni: Funzo la Jikoni Kutoka Eldoret



Sisi tulioletwa Eldoret na ndoa au na kazi, kutoka Mombasa, Malindi na Lamu, tulikuta huku mambo mawili yasiyokuwa kwetu: baridi ya alfajiri na wingi wa mbatata. Pwani mbatata tulizipika kwa haja maalumu. Ilikuwa katlesi, au bhajia, au viazi vya karai na ukwaju, au vipande viwili vitatu ndani ya mchuzi wa nyama. Huku magari hushuka kutoka Cherangani, Ainabkoi na Timboroa yakiwa yamejaa magunia, na watoto wetu waliozaliwa huku huziita waru kama wenzao wa shuleni. Watoto hao hawaoni raha ya katlesi. Wanataka chipsi, na mwezi wa Ramadhani huzitaka kila jioni.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kumenya, kukata, kukosha na kukaanga chipsi za watu wanane huchukua zaidi ya saa nzima, na saa hiyo ni ile iliyo baina ya Alasiri na Magharibi, ambayo mwenye kufunga hupendekezwa kuikithirishia dua. Wengine huketi na misahafu yao, na mama yuko mbele ya karai akipangusa jasho. Kununua tayari nako kuna shaka yake. Katika mji ambao Waislamu si wengi, mafuta yaliyokaanga chipsi huenda ndiyo yaliyokaanga soseji na kuku tusiojua wamechinjwa na nani. Hatumtuhumu muuzaji yeyote; tunasema tu kwamba mwenye kufunga siku nzima hapendi kufungua kwa shaka.

Basi mwaka wa kwanza tulidhani tumepata hila. Mwisho wa Shaaban tulimenya mbatata, tukazikata, tukazitia mbichi ndani ya mifuko na kuzifungia katika friza. Siku ya kwanza ya Ramadhani mavyaa wa mwenzetu mmoja alikuwa amewasili kutoka Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 700, na tulitaka kumkirimu. Tulipozitoa zilikuwa zimeingia weusi. Karaini zililegea, zikanywa mafuta kama sifongo. Mama mkubwa alizitazama kwa upole, akauliza: "Wanangu, mbatata hizi zimekufa zenyewe au mmeziua?"

Tulicheka, lakini tulikuwa tumepoteza debe zima. Kutupa chakula katika mwezi kama ule kulituuma kuliko aibu yenyewe, na ndipo tukaamua kujifunza.

Tulijifunza kwamba zaidi ya robo tatu ya mbatata ni maji. Maji yakiganda polepole hufanya vipande vya barafu vyenye ncha, navyo hutoboa nyama ya kiazi. Kikifika motoni, maji hutoka na mafuta huingia mahali pake. Weusi nao huletwa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya kiazi vikikutana na hewa. Baridi huvipunguzia nguvu tu. Kinachoviua ni maji ya moto. Kwa hiyo siri ya chipsi za barafu ni kuzipika nusu kabla ya kuzigandisha. Wenye viwanda waliijua siri hiyo zamani. Huko Idaho, Marekani, kampuni ya J. R. Simplot iliifanyia kazi katika miaka ya 1940, na leo shehena za chipsi zilizogandishwa huvuka bahari kwa meli. Wengi wetu tunakumbuka Januari 2022, migahawa ya KFC hapa Kenya ilipoishiwa na chipsi kwa kuchelewa shehena kutoka ng'ambo, ilhali mashamba ya nchi yana viazi.

Na hivi ndivyo tufanyavyo sasa.

Chagua mbatata kubwa, ngumu, zisizo na michubuko. Aina iliyoenea sana sokoni ni Shangi, nayo yafaa. Iliyogeuka kijani kwa jua iache, kwa maana ukijani huo ni ishara ya sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Wala usiweke mbatata mbichi ndani ya jokofu, kwani baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na chipsi zake huwa kahawia kabla ya kuiva. Ziweke mahali penye giza na hewa.

Menya kilo 5, ukate vipande vya unene wa kidole chembamba, vilingane ili viive pamoja. Viroweke katika maji baridi kwa nusu saa, kisha ukoshe mpaka maji yawe meupe. Wanga unaobaki juu ndio unaogandanisha chipsi karaini.

Chemsha maji mengi katika sufuria kubwa, na kwa kila lita utie kijiko kimoja cha siki. Siki huzuia vipande visivunjike, na ladha yake haibaki. Tumbukiza kidogo kidogo. Na hapa tuwaonye mliozoea majiko ya Pwani: Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, lakini Eldoret, iliyo juu ya bahari kwa takriban mita 2,100, huchemka kwa nyuzi kama 93. Maji yanatokota lakini moto wake ni pungufu. Dakika 3 au 4 za Mombasa huku ziwe 5. Kipande kiwe laini pembeni na bado kigumu katikati.

Chuja, utandaze juu ya kitambaa safi, uache mvuke wote utoke. Haraka katika hatua hii huharibu kila kitu, kwa kuwa maji yanayobaki ndiyo yatakayokuwa barafu. Zikikauka, zitie katika mafuta ya moto kwa dakika moja au mbili, zitoke zikiwa bado nyeupe lakini zimeota ngozi nyembamba. Usitie chumvi. Zipoe kabisa, kisha zitandaze juu ya sinia bila kulaliana, sinia iingie ndani ya friza mpaka kila kipande kigumu peke yake. Ndipo uzitie mifukoni kwa kiasi cha mlo mmoja, ukamue hewa, uandike tarehe. Friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri huzihifadhi kwa ladha njema miezi miwili hadi mitatu. Asiye na friza, akitegemea kijisanduku cha juu cha jokofu, azile ndani ya wiki moja au mbili.

Siku ya kupika usiziyeyushe. Pukuta barafu iliyoshikana nazo, mafuta yapate moto sawasawa, utie mkono mmoja mmoja na usimame kando, kwa maana barafu na mafuta havipatani. Watoto wakae mbali. Mafuta yakishika moto, zima jiko, ufunike kwa kifuniko, wala usimwage maji kamwe. Chipsi zikiwa rangi ya dhahabu zimeiva, usingoje kahawia. Chumvi hutiwa sasa.

Tusisahau stima. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika nchi nzima, wengi walikimbilia kufungua friza kutazama vilivyomo, na kufungua huko ndiko kunakoharibu. Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, hushika baridi yake kwa takriban siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Chipsi zikiwa bado na barafu ndani, zirudishwe. Zikiyeyuka lakini zingali baridi, zikaangwe siku hiyo hiyo. Zikishika joto kwa saa nyingi, zisiliwe.

Jambo la mwisho ni mfuko. Shangi huota upesi baada ya kuvunwa, hivyo mkulima hawezi kuikalisha, na katika mavuno makubwa, mwezi wa 7 na wa 8 na tena kuanzia Desemba, bei hushuka. Msimu wa mbatata hausogei sana, bali Ramadhani hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka wa miladi. Ipo miaka ambayo mwezi mtukufu hukutana na shibe ya soko, na ipo ambayo hukutana na uhaba. Sisi hununua gunia moja nyumba tatu, tukakusanyika kwa mmoja wetu siku ya Jumamosi. Wasichana hukata, wavulana hukosha na kukausha, nasi tunasimamia sufuria. Kila nyumba huondoka na fungu lake.

Mwaka uliofuata mavyaa alirudi. Alipoona karai limewekwa jikoni robo saa tu kabla ya adhana, alidhani hatutawahi. Tuliwahi. Alikula, akaomba sahani nyingine, kisha akauliza kama mifuko miwili yaweza kufika Mombasa bila kuyeyuka. Tulimwambia haiwezi, na tukamwandikia kwenye karatasi haya mliyoyasoma, ila dakika 5 tukazifanya 4.

Allah azibariki jikoni zenu na azikubali saumu zenu. Wabillahi tawfiq.