Unene wa Kioo kwa Tangi la Vifaranga wa Samaki

Leo tunawageukia wale wenye mabwawa ya samaki, hasa wafugaji wa kambale. Wengi wenu sasa mnatotolesha mayai wenyewe nyumbani, na kwa kazi hiyo mnapenda tangi la kioo, maana humo unaona yai lililoharibika na unaona vifaranga wanaokula na wasiokula. Tangi linalopendwa zaidi ni lile lisilo na fremu: vioo vitano tu, kimoja chini na vinne ubavuni, vimeshikanishwa kwa gundi ya silikoni, juu wazi. Zamani matangi ya namna hii yalikuwa na fremu ya chuma na puti. Fremu ikishaondolewa, kioo chenyewe ndicho ukuta. Kikiwa chembamba kitapasuka, na siku hiyo vifaranga wote watakuwa sakafuni.

Sasa, mkulima huenda kwa fundi vioo akasema, "Nitengenezee tangi la lita 150." Fundi naye anakata kioo alichonacho dukani, mara nyingi kile cha madirisha cha milimita 4. Hapo ndipo mambo yanapoharibikia, ndugu mkulima. Lita hazikuambii unene wa kioo. Kinachokuambia ni kina cha maji.

Jambo hili wewe unalijua tayari. Ulipojenga tuta la bwawa lako, ulilifanya pana chini na jembamba juu. Kwa nini? Kwa sababu maji ya chini ndiyo yanayosukuma kwa nguvu zaidi. Tena bwawa likiwa refu mita 10 au mita 30, unene wa tuta ni ule ule kama kina ni kile kile. Kama bado una mashaka, chukua pipa kuukuu, toboa tundu karibu na juu na jingine karibu na chini, kisha jaza maji. Uone lipi linaruka kwa nguvu.

Tuchukue mfano. Juma ana tangi la urefu wa sentimita 90, upana 60 na kina 30. Asha ana tangi la urefu wa sentimita 60, upana 45 na kina 60. Pigeni hesabu: yote mawili yanachukua lita 162. Lakini kioo cha mbele cha tangi la Juma kinasukumwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 40 hivi, na cha Asha ni kama kilo 108, yaani gunia zima la mahindi na zaidi, usiku na mchana. Juma atatumia kioo cha milimita 6 alale usingizi. Asha asishuke chini ya milimita 10, bora 12. Maji ni yale yale, bei ya vioo ni mbalimbali kabisa.

Basi shikeni kanuni hii rahisi, na mwenye kalamu aandike. Pima kimo cha kioo kwa sentimita, kana kwamba maji yatajaa mpaka ukingoni, hata kama wewe hutajaza. Kigawe kwa 5. Jibu ndilo unene wa kioo kwa milimita. Kimo cha 30 ni milimita 6, cha 40 ni 8, cha 50 ni 10, cha 60 ni 12. Ukipata namba isiyouzwa, kwa mfano 45 kwa 5 ni 9, panda mpaka 10, usishuke. Kanuni hii inafaa kwa tangi ambalo urefu wake hauzidi mara tatu ya kimo, na kwa kimo cha 60 urefu usizidi sentimita 120. Zaidi ya sentimita 60 kanuni hii isitumike kabisa. Hapo jenga tangi la saruji, ndiyo ushauri wetu.

Wapo watakaosema, "Mbona jirani yangu ana kioo cha milimita 6 kwenye kina cha 50 na kinasimama?" Kinasimama leo. Kioo si kama bati, hakipindi kwanza kikakuonya. Kina mikwaruzo midogo ambayo jicho halioni, na mzigo ukikaa miezi, mikwaruzo hiyo hukua polepole, hasa penye unyevu. Ndiyo maana tangi linaweza kukaa wiki tatu salama likapasuka mwezi wa tatu bila kuguswa. Kanuni ya kugawa kwa 5 imeachia nafasi kwa ajili hiyo. Tena unene unalipa: kioo cha milimita 10 kina nguvu mara nne ya kile cha milimita 5, si mara mbili.

Dukani, usikubali unene wa mdomoni. Vipange vioo vyote vitano pamoja, upime kwa rula. Vya milimita 6 vitakupa sentimita 3. Vikikupa sentimita 2 na nusu, umeuziwa vya milimita 5. Kataa kioo kikuukuu kilichotoka dirishani chenye mikwaruzo, na kilichomeguka pembeni. Kioo cha mlango wa gari pia kiacheni. Kile kimetiwa moto kiwandani ili kiwe kigumu. Hakikatiki tena, na kikipigwa kinasambaratika chote kwa mara moja.

Gundi iwe silikoni tupu isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Ile yenye harufu ya siki inafaa. Iache ikauke wiki nzima.

Meza iwe imara na sawasawa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la Asha pamoja na vioo vyake linakaribia kilo 200. Tandika chini sponji nyembamba, kwa sababu punje moja ya kokoto chini ya kioo inatosha kukipasua. Jaza nusu kwanza, nje ya nyumba, ngoja siku moja, kisha jaza lote na ungoje siku kadhaa kabla ya kuweka mayai. Waya za umeme za pampu ya hewa zisipite chini ya tangi, na watoto wasicheze hapo.

Na kwa kweli, kambale hana haja na kina cha 60. Akianza kukua hupanda juu kuvuta hewa, na kina kirefu kinamchosha bure. Kwa vifaranga, tangi refu na pana la kina cha sentimita 30 linatosha, na kioo chake ni cha bei nafuu.

Wiki ijayo tutazungumzia chakula cha vifaranga hao katika siku zao za mwanzo. Mpaka hapo, kwaherini.