Harara ya usiku katika baridi ya Ruiru: tiba ya homoni ni dawa au ni sumu?



Julai iliyopita nilipanda Ruiru kumtembelea dadangu mkubwa, aliyehama Mombasa kumfuata mumewe anayefanya kazi Thika. Aliyewahi kukaa Kiambu aijua Julai yake: ukungu asubuhi, baridi ya kuuma mifupa, na watu kuvaa sweta juu ya sweta. Tulilala chumba kimoja. Saa nane za usiku nikasikia blanketi latupwa sakafuni. Kutazama, dadangu amekaa kitandani, dira limerowa chepechepe, ajipepea kwa gazeti. Mimi nimejikunyata natetemeka.

"Nilipokuwa Mombasa nilidhani ni joto la mji," akaniambia. "Huku sina wa kumsingizia."

Ana miaka 51. Hedhi ilimkatika mwaka na nusu uliopita. Tangu hapo usingizi ni wa kuibia, viungo vyamuuma, hasira zapanda kwa jambo dogo, na mambo ya chumbani, alisema akiangalia ukuta, yamekuwa adhabu. Alikuwa amekunywa unga wa majani aliouziwa stendi kwa miezi mitatu bila nafuu. Alipouliza kwenye duka moja la dawa, aliambiwa kwa mkato: "Homoni zaleta kansa, mama." Akanyamaza, akarudi nyumbani.

Mimi si daktari. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari. Lakini nina miaka 46, na zamu yangu i njiani. Basi nikasoma, nikauliza wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kitu gani hutokea mwilini

Mwanamke huhesabiwa kuwa hedhi yake imekoma akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuiona, na hakuna sababu nyingine. Kwa wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Ikikoma kabla ya miaka 40, hilo si jambo la kuachia hivi hivi, daktari aangalie. Aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji huingia katika hali hii mara moja, hata akiwa kijana.

Sababu ni kwamba ovari zimepunguza kutengeneza estrojeni. Homoni hii haikuwa ya uzazi peke yake. Husaidia ubongo kurekebisha joto la mwili, hulinda mifupa, na huufanya uke uwe laini na wenye unyevu. Ikipungua huja ile harara ya ghafla, jasho la usiku, ukavu na maumivu wakati wa tendo la ndoa, maradhi ya njia ya mkojo yasiyoisha, na mifupa hudhoofika kimyakimya mpaka siku ya kuanguka. Kwa wengi harara huendelea kwa miaka, si miezi. Tiba ya homoni hurudisha sehemu ya kile kilichopungua, na ndiyo dawa yenye nguvu zaidi dhidi ya harara.

Hofu ya saratani ilitoka wapi

Ilitoka Marekani, Julai 2002. Utafiti mkubwa wa wanawake 16,608 waliopewa estrojeni pamoja na projestini, au vidonge visivyo na dawa, ulisimamishwa kabla ya wakati. Saratani ya matiti, maradhi ya moyo, kiharusi na damu kuganda vilionekana kuzidi kwa waliotumia dawa. Habari ikazunguka dunia, na wanawake wengi wakaacha dawa zao.

Ambalo halikuzunguka kwa kasi hiyo ni hesabu yenyewe. Saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake 8 katika kila 10,000 kwa mwaka. Nane ni watu, si kitu cha kupuuza, lakini si sawa na kusema "homoni zaleta kansa" na kufunga mazungumzo. Tena wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi hedhi zao zilikuwa zimekoma zamani. Na katika kundi jingine la wanawake waliokwisha kutolewa mfuko wa uzazi, waliopewa estrojeni pekee, saratani ya matiti haikuongezeka.

Leo vyama vya madaktari wa fani hii vinasema hivi: kwa mwanamke mzima wa afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hedhi yake imekoma kwa muda usiozidi miaka 10, na harara inamtesa, faida kwa kawaida huzidi hatari. Kadiri umri unavyosonga kabla ya kuanza, mizani hugeuka.

Nani asiitumie

Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda miguuni au mapafuni. Mwenye ugonjwa mkali wa ini. Na anayetokwa na damu ambayo sababu yake haijulikani. Hawa wana dawa nyingine zisizo za homoni za kupunguza harara, kwa hivyo wasikate tamaa. Na hili lishike kila mmoja: ukiona damu baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, hata tone, nenda hospitali. Usiseme ujana umerudi.

Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake. Lazima iandamane na homoni ya aina ya projesteroni, la sivyo ukuta wa mfuko huota na unaweza kuleta saratani. Ndiyo maana kuazimana vidonge na jirani ni hatari.

Kuna vidonge, kuna vibandiko vya ngozi na kuna jeli ya kupaka. Estrojeni inayopita kwenye ngozi haina hatari kubwa ya kugandisha damu kama ile ya kumeza. Ambaye shida yake ni ukavu tu, krimu au kidonge kidogo cha kuweka ukeni humtosha. Dawa yake huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno.

Swala, saumu na najisi

Haya ndiyo maswali ambayo dadangu aliona haya kumuuliza daktari. Kuna mpangilio wa dawa unaoleta damu kila mwezi, na kuna mwingine wa kila siku usiokusudiwa kuleta damu, ingawa huweza kutoka matone miezi ya mwanzo. Mwambie daktari kwamba jambo hili lagusa swala na saumu yako, achague akijua. Ikitoka, hukumu yake muulize kadhi au ustadha wako.

La pili: dawa iliyotumika katika utafiti wa 2002 ilikuwa na estrojeni inayotolewa katika mkojo wa farasi wenye mimba. Sisi wa madhehebu ya Shafi twajua mkojo wa mnyama ni najisi. Lakini ipo estrojeni nyingine, estradioli, inayotengenezwa kutokana na mimea, na ndiyo iliyomo kwenye vibandiko na jeli. Taja tu kwamba hiyo ndiyo unayoitaka. Vidonge vyenye ganda la jelatini pia uliza vimetokana na mnyama gani.

Na tusifanye jambo hili aibu. Sura ya Talaq imewataja wazi wanawake waliokatikiwa na hedhi na kuwawekea eda yao. Kama Qurani imewataja, mbona sisi tunanong'ona?

Pa kuanzia

Aliye Ruiru au Thika ana hospitali ya serikali ya Ruiru, ana Thika Level 5, na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta haiko mbali. Sisi wa Pwani tuna Hospitali Kuu ya Rufaa pale Mombasa. Omba kuonana na daktari wa magonjwa ya wanawake. Nenda na tarehe ya hedhi ya mwisho, orodha ya dawa unazotumia, mitishamba ikiwemo, na habari za saratani katika ukoo. Upimwe presha na matiti. Na waume, msindikizeni. Hasira zile si ukaidi wa mke.

Dadangu alikwenda. Presha ilikuwa juu, ikatibiwa kwanza. Kisha alieleweshwa faida na hatari, akachagua mwenyewe: jeli ya kupaka na kidonge cha projesteroni cha usiku, na kurudi kliniki kuangaliwa.

Wiki iliyopita alinipigia simu kulalamika. Ati Ruiru baridi haivumiliki, usiku miguu yamganda.

Nikamwambia alhamdulillahi, vaa soksi.