NEPI ZA KITAMBAA AU ZA KUTUPA: MAELEZO KWA WAZAZI NA WALEZI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kwamba maelezo haya yametayarishwa ili kuwasaidia wazazi na walezi kuamua aina ya nepi inayofaa kwa mtoto mchanga, kwa kuzingatia afya yake, kipato cha nyumba, upatikanaji wa maji na usafi wa mazingira. Hapana nia ya kumlazimisha mtu yeyote kufuata njia moja. Ieleweke tu kwamba uamuzi huu, ambao wengi huuona mdogo, hugusa maisha ya mtoto kila siku kwa muda wa miaka miwili au zaidi.

MFANO WA SONGWA

Mfano umechukuliwa kutoka Songwa, Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Nchi ile ni ya ng'ombe na pamba, yenye jua kali na mvua chache. Kwa kawaida mvua huanza Novemba na kwisha Mei. Miezi ya baina ya Juni na Oktoba huwa mikavu. Maji ya Ziwa Victoria yanayosafishwa Ihelele yalifikishwa katika miji ya Shinyanga na Kahama mwaka 2009, na huo ulikuwa ukombozi mkubwa. Hata hivyo katika vijiji vingi vya ukanda ule wako akina mama ambao bado hutegemea visima, malambo na maji ya kununua kwa ndoo.

Songwa, basi, jua lipo tele na maji ni ya kutafuta. Kwetu Unguja na Pemba wakati wa masika mambo hugeuka: maji hujaa na nguo hazikauki. Mambo hayo mawili, maji ya kufulia na jua la kuanikia, ndiyo yanayopasa kutazamwa mwanzo kabla ya mzazi kufanya uchaguzi.

AINA MBILI NA JINSI ZINAVYOFANYA KAZI

Nepi ya kitambaa ni ya pamba, iwe imenunuliwa dukani au imekatwa kutoka khanga kuukuu iliyolainika. Hunyonya mkojo lakini hubaki na unyevu juu yake. Kwa hiyo hapana budi kubadilishwa mara tu inapolowa.

Nepi ya kutupa, ambayo wengi huiita pampasi kutokana na Pampers iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1961, ina ganda la plastiki kwa nje na nyuzi laini kwa ndani. Tangu miaka ya 1980 zimetiwa pia chembechembe za kemikali zinazofyonza mkojo na kugeuka ute mzito, na ngozi ya mtoto hubaki kavu kwa muda mrefu zaidi. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Hatari yake imo humo humo: kwa kuwa mtoto halii kwa kulowa, baadhi ya walezi humwacha na nepi moja tangu asubuhi hadi alasiri.

NGOZI YA MTOTO

Vipele na wekundu wa makalio husababishwa na unyevu, msuguano, na mkojo unapochanganyika na kinyesi. Aina zote mbili za nepi huweza kuleta hali hiyo, na kinga ni kubadilisha mapema. Mtoto aliyejisaidia haja kubwa abadilishwe papo hapo. Aoshwe kwa maji safi, akaushwe kwa kupanguswa polepole bila ya kusuguliwa, na aachwe wazi kwa muda mfupi kila siku ili ngozi ipate hewa. Chupi ya plastiki inayovishwa juu ya nepi ya kitambaa huhifadhi nguo za mlezi, lakini huzuia hewa. Isitumike kutwa nzima. Vipele visivyopungua katika siku mbili au tatu, au vinavyotoa maji na usaha, vipelekwe kituo cha afya.

HESABU YA GHARAMA

Bei zifuatazo ni za kufanyia hesabu tu. Kila msomaji aweke bei za sokoni kwake. Tuseme mtoto anatumia nepi 6 kwa siku, ingawa mchanga kabisa huhitaji zaidi. Kwa mwezi ni nepi 180, na kwa miaka miwili ni 4,320. Nepi moja ya kutupa ikiwa shilingi 400, gharama ni shilingi 72,000 kwa mwezi na shilingi 1,728,000 kwa miaka miwili.

Kwa upande wa kitambaa, nepi 24 kwa shilingi 3,000 kila moja ni shilingi 72,000, yaani sawa na gharama ya nepi za kutupa za mwezi mmoja. Ufuaji ukichukua ndoo mbili za lita 20 kwa siku, ni ndoo 60 kwa mwezi. Ndoo ikiwa shilingi 100 na sabuni ya mwezi shilingi 6,000, jumla ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Kwa miaka miwili, pamoja na bei ya vitambaa, ni shilingi 360,000.

Maji yakiadimika na ndoo ikafika shilingi 500, gharama ya mwezi hupanda hadi shilingi 36,000, ambayo bado ni nusu ya ile ya nepi za kutupa. Ni pale ndoo inapofika shilingi 1,100 ndipo matumizi ya mwezi ya aina zote mbili yanapolingana.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haikutia gharama moja isiyoandikwa popote, nayo ni mgongo wa mwanamke. Mahali ambapo kisima ki mbali, ndoo mbili za ziada kila siku ni safari za ziada, na mara nyingi ni binti mkubwa anayekosa vipindi vya skuli kwa ajili yake. Nyumba inayochagua kitambaa kwa kuwa ni rahisi iulize kwanza: rahisi kwa nani? Akina baba wenye baiskeli au mkokoteni wa punda wananasihiwa kulibeba jukumu hili la maji, kwani mtoto ni wa wote wawili.

UFUAJI ULIO SALAMA

Wako watu wanaoamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Imani hiyo si sahihi. Kinyesi cha mtoto hubeba vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima, na kuharisha huua watoto. Kwa hiyo wanaotumia vitambaa wazingatie yafuatayo:

(a) Kinyesi kikung'utwe chooni kabla ya kufua, na maji ya kwanza ya kusuzia yamwagwe chooni pia.

(b) Nepi zifuliwe katika beseni lake, si katika chombo cha chakula, na kamwe zisifuliwe ndani ya lambo, mto au kando ya kisima. Kinyesi na mkojo wenye mayai ya kichocho vikiingia katika maji yenye konokono, ugonjwa huenea kwa kijiji kizima.

(c) Sabuni isuzwe mpaka iishe, kwa sababu mabaki yake huwasha ngozi.

(d) Nepi zianikwe juu ya kamba, juani. Zisitandazwe chini wala kwenye majani. Yuko nzi ambaye hutaga mayai yake kwenye nguo zenye unyevu na udongo wenye mkojo, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto. Kupiga pasi yenye moto mkali, pande zote, huua mayai hayo.

(e) Ndoo ya kuloweka ifunikwe wakati wote. Mtoto anayetambaa huweza kuzama katika maji machache.

(f) Mlezi anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza kubadilisha nepi.

Kwa jamaa za wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Kahama kuna tahadhari moja zaidi: nguo za machimboni zisichanganywe na nepi, wala maji ya mabwawa ya kuoshea dhahabu yasitumike kufulia, kwa kuwa huweza kuwa na zebaki.

NEPI ILIYOTUMIKA IENDE WAPI?

Nepi ya kutupa haiozi upesi kwa sababu ya plastiki yake. Ikitumbukizwa katika choo cha shimo huvimba na kulijaza shimo kabla ya wakati. Ikitupwa porini hufumuliwa na mbwa, na ng'ombe anayemeza plastiki huweza kuziba tumbo na kufa, jambo ambalo kwa mfugaji wa Shinyanga ni hasara kubwa. Ikichomwa uani hutoa moshi wenye sumu karibu na mtoto yule yule iliyomhifadhi. Njia iliyo bora ni kumwaga kinyesi chooni, kuikunja nepi na kuiweka katika pipa lenye kifuniko hadi gari la taka lipite. Pasipo na gari hilo, ifukiwe katika shimo la taka lililo mbali na kisima.

Tatizo hili si letu peke yetu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, lakini makatazo hayo hayakuhusu nepi. Serikali ya visiwa vya Vanuatu ilitangaza mwaka 2019 nia yake ya kuzizuia nepi za kutupa, ikaona kwamba kutekeleza ni kugumu kuliko kutangaza. Huko Uingereza, uchunguzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ubora wa kitambaa kwa mazingira hutegemea namna kinavyofuliwa na kukaushwa. Taarifa ya Serikali ya nchi hiyo ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba nepi za kitambaa huchangia joto la dunia kwa asilimia 25 pungufu. Anayeanika juani, na akamhifadhia vitambaa mtoto wa pili, hupunguza zaidi.

USHAURI

Penye maji ya karibu na jua la kutosha, kitambaa ndicho kinachofaa zaidi kwa mfuko na kwa mazingira. Wakati wa ukame mkali au masika yasiyokausha, mtoto anapougua, au safarini, si aibu wala israfu kutumia ya kutupa. Nyumba nyingi zitaona nafuu kuchanganya: kitambaa mchana, na moja ya kutupa usiku, ambayo kwa bei iliyotajwa ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Mama anayerejea kazini baada ya likizo ya uzazi azungumze mapema na atakayemwachia mtoto, na wakubaliane mtoto atabadilishwa saa ngapi, kwani hapana nepi iliyo bora kuliko mlezi anayeitazama.

Wananchi wenye maswali wanaombwa kuwaona wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu nao.